Majira Yakigeuka, Mazoea Yabaki: Mwongozo wa Kula Vizuri na Kufanya Mazoezi Mwaka Mzima

Mtu aliyezoea kutembea kila alfajiri haachi kwa sababu amechoka kujali afya yake. Anaacha kwa sababu wiki moja mvua imekuja pamoja na alfajiri, au jua limeanza kuchelewa kuchomoza na njia bado iko gizani, au joto la usiku limemnyima usingizi. Anajiambia atarudi mambo yakitulia. Chakula nacho hufuata mkondo huohuo: matunda aliyokuwa akila kila siku yameadimika, saladi haimvutii mtu anayetetemeka, na kikombe kimoja cha chai yenye sukari kinakuwa viwili, kisha vitatu.

Nimeliona hili kwa watu wenye nia ya kweli kabisa, na siamini kwamba tatizo ni nia. Mazoea hushikiliwa na mambo yanayoyazunguka: mwanga, saa, njia unayopita, kilichopo jikoni. Majira yakigeuka, mambo hayo huondoka bila kuaga, na zoezi linabaki halina pa kujishikiza.

Kuna utafiti unaosaidia kulielewa jambo hili. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 huku kila mmoja akijaribu kuzoea jambo moja dogo la kila siku, kama kula tunda na chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani, jambo lilihitaji siku 66 kuwa la kujifanyia tu bila kujisukuma, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Sasa linganisha na urefu wa majira, ambayo mara nyingi ni miezi miwili hadi minne. Mazoea yako yanakaribia kukomaa, na hapohapo hali ya hewa inabadilika. Ndiyo maana watu wengi huanza upya kila mwaka, na ndiyo maana mwongozo huu unahimiza zaidi maandalizi kuliko kujikaza.

Hatua ya 1: Andika kinachobadilika mahali ulipo

Anayeishi karibu na ikweta ana mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kwake kinachogeuka ni mvua, unyevu na joto. Anayeishi mbali kaskazini au kusini hupoteza saa nyingi za mwanga wakati wa baridi na kuzipata tena wakati wa joto, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5. Ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumpoteza mwingine, kwa hiyo anza na kwako.

Chukua karatasi. Kwa kila majira jibu maswali manne. Jua linachomoza na kuzama saa ngapi? Ni saa zipi za siku mtu anaweza kuwa nje bila kuumia? Mboga na matunda gani yamejaa, na yapi yanaadimika? Na ratiba ya kazi, shule na sherehe inakuwaje? Swali hili la mwisho husahaulika, na mara nyingi ndilo linalovuruga kuliko hata mvua. Watoto wakifunga shule, asubuhi yako siyo ile tena.

Kisha weka alama wiki mbili kabla ya kila mgeuko. Dalili ya mvua ni mawingu, na wiki hizo mbili ni za kutafuta nafasi ya mazoezi ndani, kupata viatu visivyoteleza, kuhifadhi mboga, na kuhamisha saa ya zoezi kidogokidogo, dakika 10 au 15 kila baada ya siku chache.

Hatua ya 2: Lifunge zoezi kwenye jambo lisilojua majira

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. “Saa kumi na mbili asubuhi” ni kishikizo dhaifu, maana saa hiyo ina mwanga leo na huenda ikawa giza baada ya miezi mitatu. “Nikishapiga mswaki” ni kishikizo imara, kwa sababu utapiga mswaki kukiwa na jua, mvua au theluji. Vingine vinavyofaa ni kumaliza chai ya asubuhi, kuvua viatu baada ya kutoka kazini, kumaliza chakula cha mchana, au kumlaza mtoto.

Tunga sentensi moja yenye “nikisha”: “Nikishavua viatu vya kazi, navaa vya mazoezi kabla sijaketi.” Iandike. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliieleza mipango ya namna hii katika makala yake ya mwaka 1999: mtu aliyetaja mapema lini, wapi na kwa namna gani atafanya jambo hulitimiza zaidi ya yule mwenye nia tu. Halafu ongeza sentensi ya pili, ya siku mbaya: “Mvua ikinyesha saa hiyo, nafanya kipindi cha ndani papo hapo.” Uamuzi huu ufanye siku ya jua. Anayesubiri kuamua huku anasikiliza mvua juu ya bati huamua kulala.

Kama una mwenzako wa kutembea naye, mkubaliane pia mtakutana wapi hali ya hewa ikiharibika. Watu wengi hupanga njia ya nje tu, na mvua ya kwanza inawatawanya.

Hatua ya 3: Kuwa na viwango viwili vya mazoezi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi ya kusimama imara na kutoanguka, angalau siku 3. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Kipimo rahisi cha zoezi la wastani ni kwamba unaweza kuzungumza ila huwezi kuimba.

Hicho kiwe kiwango chako cha kawaida. Lakini weka na cha pili, kiwango cha chini, kwa wiki ambazo majira yamekubana: vipindi viwili au vitatu vifupi, basi. Usikidharau. Pumzi na uwezo wa moyo huanza kushuka ndani ya wiki chache za kukaa tu, lakini mtu anayepunguza idadi ya vipindi huku akiuacha ukali wake ulivyokuwa hulinda sehemu kubwa ya uwezo wake kwa wiki nyingi. Kwa hiyo ukilazimika kupunguza, punguza muda na siku, usipunguze nguvu. Nguvu za misuli hudumu hata zaidi. Kipindi kimoja kizuri kwa wiki kinaweza kuzishikilia kwa muda.

Kiwango cha chini kina faida nyingine: kinakifanya kile kishikizo chako cha hatua ya 2 kiendelee kukazwa. Dakika 10 baada ya kuvua viatu vya kazi bado ni zoezi baada ya kuvua viatu vya kazi.

Hatua ya 4: Kijue kipindi cha ndani kwa moyo

Unahitaji kiti kisichoteleza, ukuta, na nafasi ya kutandika mkeka.

Pasha mwili moto kwa dakika 3: tembea papo hapo ukiinua magoti na kuzungusha mabega. Kisha simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega. Shusha makalio polepole ukihesabu hadi tatu, yaguse kiti bila kujitupa, halafu inuka kwa kuisukuma sakafu kwa visigino. Fanya mara 10. Magoti yaelekee vinakoelekea vidole vya miguu. Yakianza kuingia ndani, usishuke sana.

Nenda ukutani. Weka viganja usawa wa kifua, mwili unyooke kutoka kisogo hadi visigino, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, sukuma urudi. Mara 10. Ukiona ni rahisi, hamia kwenye ukingo wa meza nzito, na baadaye upige pushapu sakafuni.

Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Inua nyonga hadi mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, kaza makalio kwa pumzi mbili, shuka. Mara 10. Mwisho, geuka kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, kaza tumbo, ubaki hivyo sekunde 20 ukiendelea kupumua. Kuzuia pumzi wakati wa kukaza misuli hupandisha shinikizo la damu, na mwenye tatizo hilo aliangalie zaidi.

Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mzima mara 3. Hizo ni kama dakika 20. Kirudie kipindi hiki hata majira ya nje yakiwa mazuri, mara moja kwa wiki, ili siku ya mvua isiwe siku ya kujifunza.

Hatua ya 5: Joto lipe wiki mbili

Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14 ukifanya mazoezi kila siku au karibu kila siku. Katika muda huo maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi, na chumvi inayotoka na jasho hupungua. Ukijua hivi, hutajilaumu kwamba wiki ya kwanza ya joto umechoka haraka. Anza na nusu ya muda wako wa kawaida, asubuhi mapema au jioni, na uongeze taratibu.

Tazama unyevu, si kipimajoto peke yake. Jasho hupoza mwili kwa kukauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho linachuruzika tu na joto linabaki ndani. Siku kama hiyo kipindi cha ndani penye upepo ni busara.

Kunywa maji kabla ya kutoka, na ujikague chooni: mkojo wa njano iliyopauka ni dalili njema, wa rangi iliyokolea ni dalili kwamba maji hayatoshi. Ila usijilazimishe kunywa lita juu ya lita, maana maji kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na yanaweza kuua. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, acha, ingia kivulini. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuanguka akiwa na mwili wa moto, hiyo ni dharura ya kiharusi cha joto. Ita msaada na umpoze mara moja kwa maji baridi mengi mwili mzima huku mkisubiri.

Hatua ya 6: Baridi na giza

Vaa tabaka. La ndani liwe la kitambaa kinachopitisha jasho, la kati likutie joto, la nje lizuie upepo na mvua. Pamba haifai kugusana na ngozi, kwani hunyonya jasho na kukaa nalo, na ukisimama tu mwili unapoa ghafla. Pasha mwili moto ukiwa bado ndani, na kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwenye pumu afunike mdomo na pua kwa skafu, kwa sababu hewa baridi na kavu hubana njia za pumzi, na awe na dawa yake mfukoni.

Baridi pia hupunguza hisia ya kiu na kuongeza haja ndogo. Wengi hupungukiwa maji wasijue. Maji ya uvuguvugu hunyweka kirahisi zaidi.

Giza linastahili uangalifu wa pekee. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza hali ya huzuni inayorudi kila mwaka mchana unapofupika, ikiandamana na usingizi mwingi na hamu ya vyakula vya wanga na vitamu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa “jikaze tu” anaonewa. Kinachosaidia ni mwanga wa asubuhi: toka nje mara tu kunapokucha, hata kukiwa na mawingu, na kama inawezekana hamisha mazoezi yako yawe mchana. Wapo wanaotumia taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa kama dakika 30 kila asubuhi. Kabla ya kutumia taa hiyo zungumza na daktari, hasa kama una ugonjwa wa macho au hali ya kupanda na kushuka kwa hisia. Na huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingoje majira yapite. Tafuta msaada.

Vitamini D nayo hutegemea jua. Mbali na ikweta, jua la majira ya baridi halitoshi kuitengeneza kwenye ngozi, hivyo itafutwe kwenye samaki wenye mafuta, mayai, vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, au vidonge kwa ushauri wa mtaalamu wa afya.

Hatua ya 7: Mvua

Hapa hakuna mengi. Mvua nyepesi isiyo na radi haimdhuru mtu mwenye viatu vinavyoshika. Ukisikia radi, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukirudi, vua soksi mara moja, kausha katikati ya vidole. Fangasi hupenda hapo.

Hatua ya 8: Sahani ibaki ileile, badilisha kinachoijaza

Watu hubadilisha ulaji wao wote kila majira, kumbe kinachohitajika ni kubadilisha vitu tu. Shika mgawanyo mmoja mwaka mzima: nusu ya sahani mboga na matunda, robo vyakula vya protini, robo nafaka zisizokobolewa au wanga mwingine. Kiwango cha chini cha mboga na matunda kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na chumvi isifike gramu 5.

Kwenye baridi, ile nusu ya mboga igeuke supu nzito. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia karoti na maharage au dengu zilizochemshwa, maji, viungo, acha vichemke hadi viivane. Mboga za majani zitie dakika mbili tatu za mwisho, na supu uinywe pamoja na maji yake, kwa sababu vitamini C huharibiwa na moto na sehemu yake huyeyukia majini. Bakuli moja la hivi kabla ya chakula chenyewe hutuliza njaa ya baridi vizuri kuliko mkate wa nyongeza. Njaa hiyo ni ya kweli kuisikia, lakini mtu aliyevaa vizuri na kukaa ndani hahitaji chakula kingi zaidi ya kawaida yake. Baridi huongeza hamu kuliko inavyoongeza mahitaji.

Halafu kuna chai. Shirika hilohilo linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48, yaani umekwisha kufika ukingoni kabla ya kugusa kitu kingine kitamu. Simwambii mtu aache chai wakati wa baridi. Punguza nusu kijiko kila wiki, tia tangawizi, mdalasini au iliki, na ulimi utazoea.

Mboga zikiwa nyingi, hifadhi za majira yajayo. Zikate, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, zihamishie kwenye maji baridi sana, zichuje, zigandishe. Maji ya moto husimamisha vimeng’enya vinavyoharibu rangi na ladha. Mboga zilizogandishwa hivyo hazipungui sana virutubisho. Wakati mwingine huzishinda zile “mbichi” zilizokaa siku nyingi sokoni. Zilizokaushwa nazo ni nzuri, ila matunda makavu yana sukari iliyojikusanya, hivyo kiganja kidogo kinatosha. Za kopo zisuuze ili kupunguza chumvi.

Kwenye joto shida ni kinyume: hamu inapotea, mtu anashinda na tikiti maji na soda, na protini inasahaulika. Kula mara nyingi kidogokidogo, na kila mara pawe na yai, mtindi, samaki, karanga au maharage yaliyopoa kwenye saladi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, kisizidi saa 1.

Sherehe zina majira yake pia. Mimi sipendi kumwekea mtu marufuku siku ya furaha. Kula, kisha utembee dakika 10 au 15 baada ya mlo. Matembezi hayo mafupi husaidia kushusha sukari ya damu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari apime, maana mazoezi na mabadiliko ya mlo yanaweza kuhitaji kurekebishwa kwa dozi. Wenye dawa za kuongeza mkojo nao wamuulize daktari kabla ya majira ya joto.

Hatua ya 9: Ukikatika, rudi hivi

Katika ule utafiti wa Lally, kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Kwa hiyo siku moja usiihesabu. Ya pili mfululizo ndiyo ya kuizuia, na kiwango cha chini kipo kwa ajili hiyo. Usitumie mizani kujihukumu wiki ambazo majira yanageuka. Maji na chumvi peke yake vinaweza kuusogeza mshale. Weka alama kwenye kalenda kila ulipofuata kishikizo chako, hicho ndicho kipimo chenye maana.

Ukikaa wiki mbili au zaidi bila mazoezi, rudi na nusu ya muda na nusu ya uzito uliouacha, na uongeze wiki hadi wiki mwili unavyoruhusu. Kama kilichokukatisha ni homa au mafua makali ya mgeuko wa majira, subiri homa iishe kabisa bila dawa ya kuishusha. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa au pumzi kukatika ni sababu ya kwenda hospitali kwanza. La sivyo, siku ya kwanza tembea dakika 10 kwa mwendo wa kuzungumza. Kesho yake ukiamka bila uchovu usio wa kawaida, ongeza tano.